Picha ya Wageuzaji wa Mtaa wa Chokaa

Ipo nchi iitwayo Mwambatano, na usiisumbue ramani kuitafuta, maana kila anayeweka kidole kuonyesha ilipo, kidole chake kinaifunika. Ni nchi njema. Ina bendera ya rangi tisa na wimbo wa taifa wenye beti tisa, ambao ukiimbwa wote mkutano unakuwa umekwisha. Wananchi wake wanapendana sana, na ili wasije wakajisahau, serikali imewawekea wizara ya kuwakumbusha. Inaitwa Wizara ya Mchanganyiko na Upendo wa Umma. Iko ghorofa ya nne, na lifti yake ni mbovu tangu siku ya uzinduzi. Kwa hiyo watu wenye ulemavu, ambao wizara haipati usingizi kwa kuwafikiria, hufunga maombi yao kwenye kamba pale chini, na mhudumu huyavuta juu kupitia dirishani.

Nyuma ya dirisha hilo alikaa Melkiori Sanduli, Mhakiki wa Picha Daraja la Pili. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye koti moja la kijivu na mwandiko mzuri kuliko wote pale wizarani. Hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu yeye mwenyewe alijiambia hivyo kila asubuhi akipanda ngazi, na akifika ghorofa ya tatu alikuwa ameshaamini.

Kazi yake ilitokana na Sheria ya Sura Tisa. Zamani, kikundi chochote cha kujitolea kilichotaka ruzuku ya serikali kilieleza tu kinafanya nini, basi. Waziri, Mheshimiwa Dakta Fulgensi Kabuye, aliona aibu kwa niaba ya taifa zima. Alisimama bungeni akasema, "Mheshimiwa Spika, kikundi kinachosaidia watu sharti kifanane na watu. Nchi hii ina watu wa aina tisa. Kwa hiyo kila kikundi kilete picha moja, na ndani yake zionekane aina zote tisa, zikitabasamu. Kazi wanayoifanya tutaiuliza baadaye, tukipata nafasi." Wabunge wakapiga meza mpaka bilauri za maji zikacheza.

Aina zenyewe zilikuwa hizi: mtu wa milimani, mtu wa bondeni, mrefu, mfupi, mzee, kijana, mwanamke, mwenye ulemavu, na mwananchi wa kawaida. Huyu wa mwisho ndiye aliyeleta taabu. Kamati ilizunguka nchi miezi minne ikimtafuta, ikarudi na taarifa nene kwamba hajaonekana ila dalili zake zipo. Ikaamuliwa kwamba katika picha aachiwe nafasi wazi, upande wa kulia, ya kumtosha mtu mmoja asiyenenepa sana.

Basi Melkiori alipokea picha, akachukua lenzi, akahesabu. Zikitimia tisa, yaani nane na nafasi, aligonga muhuri wa buluu. Zisipotimia, muhuri mwekundu: MCHANGANYIKO HAUTOSHI. Kwenda kukiona kikundi chenyewe kulikatazwa kabisa. Mwongozo wa kazi ulisema ziara za namna hiyo zinaweza kumtia mhakiki huruma, na huruma ilikuwa chini ya idara nyingine.

*

Mwaka haukuisha, Mwambatano ikawa na vikundi vingi kuliko visima. Kulikuwa na Vijana Wafuga Nyuki, Umoja wa Wapenda Miti, Taasisi ya Kutafakari Umaskini, na Jukwaa la Majukwaa. Na katika picha ya kila kimoja, mstari wa mbele, alisimama mzee mwembamba mwenye mguu mmoja, anatabasamu kwa subira.

Jina lake Mzee Chandeu. Mguu wa pili aliuacha kwenye kiwanda cha mbao. Alipendwa kwa sababu ya hesabu tu: alikuwa mzee, mfupi, mtu wa milimani na mwenye ulemavu, aina nne ndani ya shati moja. Melkiori alimgundua kwenye picha ya tatu. Kufikia ya kumi alikuwa akimtafuta kwa lenzi kabla hajahesabu wengine. Alimwona amevaa kofia ya wavu ya mfuga nyuki, akamwona na joho la mahafali, na mara moja akamwona amejifunga kanga, amepakata watoto wawili, maelezo ya chini yakisema ni mama wa mapacha.

Siku aliyoamua kusema, alichukua picha kumi na moja akaelekea kwa Waziri. Kwenye korido akakuta picha kubwa imetundikwa ndani ya fremu ya dhahabu: Wake wa Mawaziri kwa Ajili ya Wanyonge. Mzee Chandeu alikuwa katikati, mkono wa mke wa Waziri umemkaa begani. Melkiori aliitazama. Kisha akageuza njia, akarudi kwenye kiti chake, akazigonga buluu zote kumi na moja.

Walikutana uso kwa uso mara moja tu, kwenye ngazi. Mzee alikuwa amepanda ghorofa tatu kwa magongo, anakwenda kupigwa picha ya wafanyakazi wa wizara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayenihesabu?"

"Ndiye mimi."

"Basi usinihesabu kwa hasira, mwanangu. Mguu ulipokatika nilikuja hapa hapa kuomba magongo, nikaambiwa niunde kikundi kwanza. Niunde na nani? Sasa vikundi vinakuja kuniomba mimi. Magongo ninayo jozi mbili, moja ya kutembelea na moja ya picha."

Melkiori alimshika mkono, akamsaidia kumalizia ngazi zilizobaki. Siku nzima hiyo alijisikia vizuri, akalihesabu jambo lile kuwa wema wake wa mwezi.

*

Nyumbani, Mtaa wa Chokaa, Melkiori aliishi na mama yake, Bi. Generosa, aliyekuwa amepooza mwaka wa tatu sasa. Mkewe alifundisha shule katika mji mwingine na alirudi mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na akili timamu na ulimi mzima, ila kuanzia shingoni kwenda chini mwili haukumsikia tena. Kitanda chake kilisukumwa ukutani ili asije akaanguka.

Mgonjwa wa namna hiyo akiachwa upande mmoja anachubuka, halafu anaanza kuoza huku anaongea na wewe. Hakuna kidonge cha kuzuia hilo. Kinachotakiwa ni kumgeuza: kushoto, chali, kulia, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kuruka. Kazi hiyo ilifanywa na wajane sita wa mtaa huo, waliojiita Wageuzaji. Walikuwa na wagonjwa kumi na wanne katika nyumba kumi na nne, wakipokezana zamu. Aliyemaliza alichora kwa chaki kwenye mwimo wa mlango, mshale wa upande aliomlaza mgonjwa, na saa yake, ili anayefuata asikosee. Walikuja na sabuni yao, mafuta yao na glavu zao, vilivyotokana na ruzuku ndogo ya kata, na chai hawakuigusa mpaka mgonjwa awe amekunywa. Melkiori mwenyewe hakuwahi kumgeuza mama yake. Aliona haya kumshika, na asubuhi siku zote alikuwa amechelewa kazini.

Sasa kata nayo ikakatazwa kutoa chochote bila muhuri wa wizara. Asubuhi moja kamba ikavuta juu bahasha yenye picha ya Wageuzaji. Wanawake sita wamesimama mbele ya ukuta uliobanduka rangi, sare ya kitenge kimoja, mikono imelegea ubavuni. Wote wa bondeni, wote wafupi, wote wamefikia umri ambao sheria iliuita uzee. Walifanana kama vikombe vya seti moja. Melkiori alihesabu aina nne. Akahesabu tena akitumaini, zikabaki nne.

Jioni alimkuta kiongozi wao, Mama Asteria, anamkausha Bi. Generosa mgongo kwa taulo.

"Mama Asteria, picha yenu imefika."

"Umeiona, mwanangu? Velina kafumba macho. Nilimwambia yule mpiga picha arudie, akasema mwanga umekwisha."

"Si macho. Hamjatimia. Mngemweka Mzee Chandeu. Kila mtu anamweka."

Mama Asteria aliendelea kukausha. "Mzee Chandeu hageuzi."

"Ni kwa ajili ya picha tu."

"Ana mguu mmoja. Akimwinua mgonjwa wataanguka wote wawili, halafu tutakuwa na wa kumi na tano."

"Hatamwinua mtu. Atasimama dakika moja, aondoke."

"Sikiliza, mwanangu. Kesho mtu ataiona ile picha, atamwita yule mzee wa watu aende kumgeuza baba yake. Mimi nitamwambia nini?" Alikunja taulo. "Wanaogeuza ni sisi sita. Ndio tuliosimama pale."

Bi. Generosa alikuwa amelala upande wa kulia, amewaelekea. "Melki," akasema, "muhuri si unao wewe? Wagongee."

"Kuna utaratibu, mama."

"Haya, baba. Kama kuna utaratibu."

Siku iliyofuata alikaa na ile picha hadi saa sita mchana. Alitaka kugonga buluu, na hilo ni kweli. Lakini picha yenye aina nne tu na muhuri wa buluu ingeshangaza mtu. Angeitwa aeleze, na akishaanza kueleza wangefungua droo yake, na kwenye droo kulikuwa na Mzee Chandeu mara arobaini na saba. Kati ya picha zote alizowahi kupokea, ya kweli ndiyo pekee iliyoweza kumponza. Akagonga nyekundu. Muhuri ulitoka safi, herufi zote zinasomeka, na baadaye jambo hilo lilimsumbua kuliko mengine.

Wageuzaji waliendelea na kazi bila glavu, wakiosha mikono kwa majivu, na nyumba za mwisho wa mtaa wakazifikia kwa miguu, kwa kukosa nauli. Melkiori akaanza kununua sukari na kuiacha mezani bila kusema neno. Wakamkorogea mama yake chai kwa sukari hiyo, wao wakanywa maji.

*

Kisha gazeti moja likachapisha picha mbili ubavu kwa ubavu. Katika moja, Mzee Chandeu alikuwa mwenyekiti wa vijana wafuga nyuki. Katika ya pili alikuwa mama wa mapacha. Kufikia saa nne asubuhi Mwambatano nzima ilikuwa imegawanyika, na kufikia jioni kila upande ulikuwa na fulana.

Upande mmoja uliitwa Wagawaji. Hawa walisema serikali isiyogharimia wema ni serikali ya mawe, na kwamba sura tisa hazitoshi, zifanywe kumi na mbili. Upande wa pili uliitwa Wabanaji. Hawa walisema wema wa kweli haulipwi, kwamba anayetaka kusaidia asaidie kwa chake, na kwamba sura ni mbili tu, ya anayefanya kazi na ya anayekula. Walijadiliana redioni, sokoni, makanisani, misikitini na kwenye misiba, ambako marehemu alilazimika kusubiri hoja zimalizike.

Wabanaji, ili mapambano yao yawe na nguvu, walianzisha Shirika la Kupinga Ruzuku kwa Mashirika, na wakaomba ruzuku. Picha yao ilitimia zote tisa. Mzee Chandeu alikuwa mbele, amevaa fulana iliyoandikwa INATOSHA. Wagawaji nao wakaunda Mtandao wa Kutetea Mchanganyiko, ambao viongozi wake wote walizaliwa na ndugu wawili, lakini picha ilikuwa nzuri na ikapita. Melkiori aligonga buluu mbili hizo asubuhi moja, na mchana hakuweza kula.

Katika nyumba kumi na nne za Mtaa wa Chokaa redio zilikuwa wazi kutwa nzima. Wagonjwa waliyasikia yote, wakiwa wametazama upande ule mshale ulioonyesha. Hakuna msemaji aliyeuliza, hata kwa bahati mbaya, ni nani anafanya kazi gani na wapi.

*

Serikali ikaunda Kamati Teule ya Uchunguzi, ikamteua Waziri mwenyewe kuwa mwenyekiti, kwa kuwa hakuna aliyelijua tatizo kwa karibu kama yeye. Vikao vilikuwa vya wazi katika Ukumbi wa Taifa. Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Mzee Chandeu.

"Kwa nini umeidanganya nchi?" Waziri alimuuliza.

"Mimi nilisimama tu, Mheshimiwa. Waliosema nimejifungua mapacha ni nyinyi."

Ukumbi ukacheka, na askari wakamtoa nje. Akaitwa Melkiori Sanduli. Alikula kiapo, akasimama, akazishika kingo za kizimba kwa mikono miwili. Ukumbi ulijaa hadi nyuma, na taa za kamera zilimpiga machoni hata asiweze kuona zaidi ya mstari wa tatu.

"Bwana Sanduli," alisema Waziri kwa sauti ya upole sana, "wewe umeziona picha zote za nchi hii. Taifa linauliza swali moja tu. Je, kipo hata kikundi kimoja, kimoja tu, ambacho watu wa kwenye picha ndio hasa wanaofanya kazi?"

Melkiori alikijua. Alizijua hata saa zao. Lakini aliona kwamba akisema kipo, ataulizwa ni kipi. Akikitaja, ataulizwa kama kilipewa ruzuku. Akisema hakikupewa, litakuja swali la nne, nani aliyekinyima, na jibu la swali hilo lilikuwa limesimama kizimbani likitokwa na jasho. Alifikiria cheo chake, kodi ya nyumba, dawa za mama yake. Ndiyo, alimfikiria mama yake, na akamtumia kama sababu.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema. "Hakuna."

Ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja. Wabanaji walifurahi kwa sababu imethibitika kwamba wema wote ni utapeli. Wagawaji walifurahi kwa sababu wakikosa wote, hakuna atakayelaumiwa peke yake. Waziri alifurahi kuliko wote, akamshukuru shahidi kwa ujasiri wake.

Ndani ya wiki mbili ikapitishwa Sheria ya Nia Njema. Ruzuku zote zilisimamishwa, na fungu lake likapewa Baraza la Kudumu la Mjadala wa Ruzuku, ambalo lilihitaji jengo na magari ili mjadala usije ukapoa. Na ili raia wasilaghaiwe tena na wasaidizi wa uongo, ilikatazwa mtu yeyote kumgusa mwenzake kwa nia njema pasipo cheti. Ofisi ya kutoa vyeti ingejengwa baada ya jengo la Baraza kukamilika. Asiye na cheti akae umbali wa mita moja na nusu kutoka kwa mhitaji. Ndugu wa damu waliruhusiwa kugusana, kwa kipindi cha mpito.

Melkiori akapandishwa Daraja la Kwanza, akapewa kiti kinachozunguka.

*

Sheria ilianza kazi siku ya Jumatatu. Siku hiyo mwimo wa mlango wa Bi. Generosa haukuchorwa kitu. Na redio yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi ya ushahidi, Melkiori akisema betri zimekwisha.

Melkiori alimgeuza mama yake kabla ya kwenda kazini, vibaya, kwa kumvuta mkono, na akamgeuza tena aliporudi. Kati ya hapo zilipita saa kumi. Aliomba likizo, akajibiwa kwamba Baraza jipya haliwezi kufanya kazi bila mwandiko wake. Alitafuta mtu wa kumlipa, na kila aliyemwendea aliuliza cheti. Wiki ya pili ikatokea alama nyekundu kwenye nyonga ya kulia, halafu ngozi ikaachia. Wiki ya tatu chumba kilikuwa na harufu ambayo alijifanya haipo. Mama hakulalamika. Alikuwa akimuuliza tu kila jioni kama amekula, na kila alipoulizwa hivyo Melkiori alitamani atukanwe.

Jumamosi akaenda kwa Mama Asteria. Alimkuta uani anachambua maharage. Maamkizi yake yalikuwa yale yale ya siku zote, kigoda akakipangusa kwa upindo wa kanga.

"Mama anaendeleaje?"

"Ana kidonda."

"Wapi?"

"Nyonga ya kulia."

"Ulikuwa unamwacha huko kutwa." Hakuuliza, alisema tu, kisha akaweka ungo chini. "Mgonjwa wetu wa nyumba ya bati tumemzika Jumanne. Na yule bibi wa kisimani, jana. Tulisimama mita moja na nusu, tukawatazama."

Melkiori alikisogeza kigoda karibu. "Mama Asteria, nina jambo la kukwambia."

"La ukumbini?"

Melkiori aliitikia kwa kichwa.

"Tulikuwepo, mwanangu. Wote sita, viti vya nyuma kabisa, na sare zetu. Tulisema labda watataka kutuona." Alikuwa akifuta vumbi la maharage mikononi, taratibu. "Ulipoulizwa lile swali, Velina akaanza kunyanyuka. Alidhani ndio tunaitwa. Nikamvuta nguo akakaa."

"Kesho yake asubuhi mlikuja kumgeuza mama."

"Ilikuwa zamu ya Velina."

Melkiori alisubiri amlaumu, maana angalau angekuwa na la kujitetea. Mama Asteria alijifunga kanga vizuri akasema, "Twende. Siwezi kumgusa, lakini mdomo haujakatazwa."

Mbele ya nyumba alikuwa ameketi askari wa Nia Njema, kijana wa watu aliyepewa kamba ya kupimia. Alipima kutoka kitandani hadi kizingitini, akaweka alama, akaomba radhi kwa Mama Asteria na kurudi kivulini. Mama Asteria akasimama kwenye alama, mikono nyuma, kidole kimoja kimekamata kingine.

"Asteria," akaita Bi. Generosa kutoka kitandani. "Nilijua ni hatua zako. Mlikuwa wapi?"

"Tupo, dada. Leo anakugeuza Melki, mimi naangalia tu. Melki, usimvute mkono. Piga goti kitandani. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya paja, mbali na kidonda. Kunja goti lake la kulia kwanza. Sasa usitumie nguvu, egemea mbele, mwili wako ndio umsukume. Polepole. Mto mgongoni. Mwingine kati ya magoti."

Alimgeuza. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na hilo nalo lilimuuma, kwamba hakujua mama yake ana uzito gani. Sasa alilala upande wa kushoto, uso ukutani, kidonda kiko wazi juu. Melkiori alikiona chote kwa mara ya kwanza kwa mwanga wa mchana. Kilikuwa na upana wa kiganja chake.

"Kisafishe kwa maji ya chumvi," Mama Asteria alisema kutoka kizingitini. "Usisugue."

Alisafisha. Bi. Generosa alivumilia, akasubiri amalize, kisha akasema akiuelekea ukuta, "Asteria, ni nani hasa aliyewakataza?"

Mama Asteria alimtazama Melkiori, si kwa ukali. Alimwachia tu nafasi ya kujibu.

Melkiori alishika kile kitambaa chenye maji ya chumvi, akatafuta neno. Neno serikali lilikuwepo. Sheria lilikuwepo, na Baraza, na Kamati. Yote yalimjia mdomoni yakiwa yamepangwa vizuri, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alichoka nayo. Alijisikia mchafu, na akaona kwamba akisema jingine lolote ataendelea kuwa hivyo maisha yake yote.

"Ni mimi, mama," akasema. "Picha yao niliigonga nyekundu mimi. Na nilipoulizwa mbele za watu kama kuna kikundi cha kweli, nikasema hakuna."

Aliona mgongo wa mama yake ukipanda na kushuka, mifupa inahesabika, na hakuona kingine. Hakujua kama amelia, au amekasirika, au amefumba macho. Kati ya kitanda na ukuta hapakuwa na hata upenyo wa mtu kupita akautazama uso ule.

"Melki," mama yake akaita.

"Naam, mama."

"Nigeuze, nikuone."

Alipiga goti kitandani, akapeleka mkono chini ya bega kama alivyofundishwa, kisha akamtazama Mama Asteria. Mama Asteria alitikisa kichwa.

"Akikugeukia atalalia kidonda," alisema. "Bado saa mbili."

Melkiori aliutoa mkono. Akavuta kigoda, akaketi nyuma ya mgongo wa mama yake, akaanza kusubiri.